Ninavyopanga Majaribio ya Baridi Kali ya Koili Kubwa ya Sumaku

Koili kubwa ya sumaku ikishafungwa ndani ya mtambo wa utafiti wa muungano wa nyuklia, haitoki tena kirahisi. Huzungukwa na koili nyingine, mabomba ya heliamu, ngao za joto na ganda zima la kriostati, yaani chombo cha ombwe kinachotunza baridi, na kuifuata humo kwa ajili ya ufa mmoja wa kwenye lehemu kunaweza kumeza miaka. Ndiyo maana koili 18 zinazouzunguka mtambo wa JT-60SA, ulioko Naka nchini Japani, hazikutoka viwandani Ulaya zikaenda moja kwa moja bandarini. Zilipitia kwanza Saclay, Ufaransa, ambako kila moja, yenye uzito wa tani 16 hivi, ilifungiwa katika kriostati, ikapozwa hadi karibu kelvini 5 (nyuzi 268 hivi chini ya sifuri ya Selsiasi) na kupitishiwa mkondo wa ampea 25,700. Koili 70 za mtambo wa Wendelstein 7-X wa Greifswald, Ujerumani, zilikuwa zimepita Saclay vilevile miaka kadhaa kabla. Kazi yangu ni kupanga majaribio ya aina hiyo, na nataka kueleza ninavyoyapanga, hasa sehemu moja, yaani majaribio ya Paschen ya kukagua kihami cha umeme kwa volteji katika gesi nyembamba, ambayo naona hupewa muda mdogo kuliko inavyostahili.

Wengi wanaoanza kazi hii hudhani mpango huanza na kiwango cha baridi. Mimi huanza na ukurasa wa mipaka, yaani mambo ambayo yakitokea tunasimama papo hapo bila kusubiri kikao. Kila mpaka una tarakimu yake, kihisio kinachoisoma, na mtu wa zamu mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi. Huuandika mapema kwa sababu koili ikishapoa na kompresa za heliamu zikiwa zinanguruma, kila mtu ana haraka, na hoja ya kuongeza kidogo tu hupata watetezi wengi mno.

Mpaka wa kwanza ni tofauti ya halijoto ndani ya koili yenyewe. Chuma cha pua husinyaa takriban milimita 3 kwa kila mita kinapotoka joto la karakana hadi kelvini 4, shaba husinyaa zaidi kidogo, na epoksi iliyosukwa na nyuzi za kioo, ambayo ndiyo kihami, hufuata uelekeo wa nyuzi hizo. Koili ina vyote hivi vikiwa vimegandishwa pamoja. Upande mmoja ukipoa haraka kuliko mwingine, kihami ndicho kinachovutwa, nacho ndicho kilicho dhaifu kuliko vyote. Kwa hiyo heliamu inayoingia hairuhusiwi kuwa baridi kuliko sehemu yenye joto zaidi kwa kupita kelvini 40 au 50, na kasi ya kupoza hukaa kwenye kelvini 1 hivi kwa saa. Kutoka kelvini 293 hadi 80 ni kelvini 213, kwa hiyo ni karibu siku tisa za zamu, usiku na mchana. Kwa koili ya tani 16, joto linalotolewa katika safari hiyo hukaribia gigajuli 1.25, na kuliondoa kwa nitrojeni ya kimiminika huhitaji tani kadhaa hata kama hakuna tone linalopotea. Mimi huagiza mara mbili yake.

Chini ya kelvini 80 hali hubadilika. Zaidi ya asilimia 90 ya kusinyaa kumekwisha, na chuma hakina tena joto jingi la kutoa. Lakini kila wati moja inayoondolewa kwenye kelvini 4.5 hugharimu wati 250 hivi za umeme hata katika mtambo mkubwa na mzuri wa kupoza. Kwa sababu hiyo wapo wanaoamua kuishia kelvini 80. Misokoto ya koili za ITER, mtambo mkubwa wa muungano wa nyuklia unaojengwa Ufaransa, iliyoundwa Ulaya ilijaribiwa hivyo nchini Italia, na nauheshimu uamuzi huo, kwani sehemu kubwa ya mivujo ya lehemu na nyufa za kihami hujionyesha hapo. Hata hivyo, kelvini 80 haisemi lolote kuhusu waya kupitisha umeme bila ukinzani, kwa kuwa niobi-titani hupata sifa hiyo chini ya kelvini 10, na mchanganyiko wa niobi na bati chini ya kelvini 18 hivi. Fedha zikiwepo, mimi hushikilia kwamba tushuke hadi mwisho.

Huko chini mkondo hupandishwa kwa ngazi, na katika kila ngazi tunapima ukinzani wa viungo. Kiungo chenye nanoomu 5 tu, kikipitishiwa ampea 25,700, hutoa wati 3.3 za joto, na wati hizo ni nyingi mahali palipo na baridi ya namna hiyo. Mkondo ukifika kiwango kamili tunapandisha taratibu halijoto ya heliamu inayoingia mpaka waya upoteze sifa yake, tukio tunaloliita kwenchi. Kwa koili za JT-60SA lilitokea juu ya kelvini 7, na nafasi iliyopo kati ya hapo na halijoto ya kazi ndiyo akiba ambayo waendesha mtambo wataitegemea. Kwenchi hugunduliwa kwa kulinganisha volteji za nusu mbili za koili, ili volteji inayotokana na kupanda kwa mkondo ijifute yenyewe. Tofauti ikizidi milivolti 100 kwa sehemu ya kumi ya sekunde, swichi hufunguka na nishati yote humwagwa kwenye kikinza kilichoko nje ya kriostati.

Sekunde hizo chache ndizo zinazonikosesha usingizi. Mkondo unaposhuka kwa kasi, volteji kati ya koili na ardhi hupanda hadi maelfu ya volti, na wakati huohuo heliamu iliyomo ndani hupata joto, kanieneo hupanda, na mvujo wowote uliokuwa umejibana hufunguka. Volteji kubwa na gesi iliyovuja hukutana mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ombwe zuri huzuia umeme usiruke, na hewa ya kawaida huuzuia pia, lakini kati ya hizo mbili, gesi ikiwa nyembamba, kuna bonde, ambalo Friedrich Paschen alilieleza mwaka 1889. Katika bonde hilo heliamu huruhusu umeme kuruka kwa volti 150 hivi tu.

Koili inaweza basi kufaulu mtihani wa volteji hewani, ikafaulu tena katika ombwe, na bado ikawa na tundu la hatari. Niliwahi kusimamia jaribio la koili ya namna hiyo. Tulizifunga vali za pampu, tukaanza kuingiza nitrojeni kidogo kidogo, na kabla hatujafika paskali 200 (hewa ya kawaida ina paskali 100,000 hivi), kamera iliyokuwa ndani ikaonyesha doa la zambarau lenye ukubwa wa punje ya mchele, pale waya wa kupimia volteji unapotokeza kwenye kihami. Nilipoingia baadaye na tochi na kioo kidogo cha daktari wa meno, niliona epoksi imeacha kiputo chini ya utepe, na kiputo kimepasuka upande wa nyuma, mahali ambapo jicho halifiki. Waya uliowekwa ili kugundua kwenchi ndio uliokuwa umefungua njia. Fundi alikata utepe, akasugua hadi kwenye sehemu nzima, akaufunga upya tabaka kwa tabaka, na kazi hiyo ilimchukua siku mbili.

Majaribio ya Paschen yalifichua kasoro za kihami katika koili za Wendelstein 7-X, zikarekebishwa kabla ya kufungwa. Huko Naka, mwezi Machi 2021, wakati mtambo ukiandaliwa kuanza kazi, kihami kilishindwa kwenye kiungo cha EF1, mojawapo ya koili nyingine za JT-60SA, umeme ukaruka na heliamu ikavujia ndani ya kriostati. Plazma ya kwanza, yaani gesi yenye joto kali ambayo sumaku hizo huishika, ilipatikana Oktoba 2023. Jaribio la koili iliyo peke yake halikagui viungo vinavyofungwa baadaye mtamboni, kwa hiyo mpango wangu humkabidhi mwenye mtambo utaratibu wa kuvipima viungo hivyo kwa njia ileile.

Katika ratiba huweka siku nne za Paschen kabla ya kupoza na siku nne baada ya koili kurudi kwenye joto la karakana, kuanzia paskali 1 hadi elfu kadhaa, kwa nitrojeni na kisha kwa heliamu. Muda unapobana, siku za mwisho ndizo watu hutaka kuzikata, nami huzikatalia, kwa sababu ufa uliozaliwa na baridi hauwezi kuonekana kabla ya baridi yenyewe. Na kriostati haifunguliwi mpaka sehemu yenye baridi zaidi ya koili iwe imepita kiwango cha umande cha karakana, kwani maji yakitua kwenye kihami, vipimo vya siku hizo nne vitakuwa vya maji na si vya koili.