Wasichana waliofuma merikani

Mabibi wa pwani walikijua vizuri kitambaa cha merikani: pamba ngumu, haijapaushwa, inadumu. Jina lilitokana na kilikotoka. Katika miaka ya 1830 merikebu za Salem, Massachusetts, huko Marekani, zilikuwa zikikileta Unguja na kurudi na pembe za ndovu na sandarusi. Huko kwenye viwanda vya Massachusetts, wafumaji wengi walikuwa mabinti wa wakulima, na mji wao mashuhuri ulikuwa Lowell. Yanasemwa mengi juu yao, mengine si kweli.

Dhana: Kabla ya viwanda mwanamke alikaa nyumbani tu.

Alikaa nyumbani, ndiyo, lakini hiyo "tu" ndiyo uongo wenyewe. Shambani alisokota uzi, akafuma, akakamua ng'ombe, akatengeneza siagi na jibini ya kuuza. Mashine iliichukua kazi ya uzi na nguo ikaipeleka mjini, naye akaifuata. Kilichokuwa kigeni kwake ni kengele ya kumwamsha, na mshahara unaohesabiwa kwa jina lake.

Dhana: Kiwanda kilimkomboa mwanamke.

Wapo pia wanaoshikilia kinyume chake, kwamba kilimfanya mtumwa. (Pamba yenyewe ilichumwa na watumwa halisi katika majimbo ya kusini, kwa hiyo neno hilo tulitumie kwa uangalifu.)

Fedha alizipata. Benki ya akiba ilifunguliwa Lowell mwaka 1829, na wasichana wa viwandani wakaweka humo akiba zao. Lakini walilala kwenye mabweni ya kampuni, milango ikifungwa saa nne usiku, na kanisani ilikuwa lazima waende. Kazi ilifika takriban saa 73 kwa wiki. Madirisha yalipigiliwa misumari ili hewa ibaki na unyevu na nyuzi zisikatike, vumbi la pamba likaishia vifuani mwao. Na kile kibao kinachokimbia na uzi huku na huku kwenye mtambo kilikuwa na kitundu: uzi ukiisha, mfumaji aliweka mdomo hapo na kuuvuta uzi mpya kwa pumzi. Kibao kile kile, midomo tofauti. Kifua kikuu kilikuwa hakiko mbali.

Tena, akiolewa, sheria ilihesabu mshahara wake kuwa wa mume. Massachusetts ililibadili hilo mwaka 1855.

Dhana: Viwanda vilivunja familia.

Inategemea familia ipi. Wengi wa mabinti wale walifanya kazi miaka michache, kisha wakaolewa. Waireland waliokuja baada ya njaa ya viazi iliyoanza mwaka 1845 waliingia kiwandani ndugu kwa ndugu, na mishahara yao ikaingia chungu kimoja.

Dhana: Walikuwa wapole, migomo ilikuwa ya wanaume.

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi. Waligoma mwaka 1834 walipopunguziwa mshahara, wakagoma tena mwaka 1836 gharama ya bweni ilipopanda. Mwaka 1845 Sarah Bagley, mfanyakazi wa kiwanda, na wenzake walikuwa na chama chao, wakapeleka maombi kwenye bunge la Massachusetts wakidai siku ya kazi isiyozidi saa kumi. Walikataliwa. Sheria hiyo ilipatikana mwaka 1874.

Katika mgomo wa 1836 alikuwamo Harriet Hanson, mtoto wa miaka 11. Wafanyakazi wa vyumba vya juu vya kiwanda walikuwa wameshatoka, wenzake wa chumba chake cha kazi wakabaki wakiulizana watoke au wasitoke. Harriet akasema yeye anakwenda, hata kama ni peke yake, akashika njia. Alipogeuka, chumba kizima kilikuwa nyuma yake.

Mama yake alikuwa mjane, msimamizi wa bweni la kampuni. Baada ya mgomo alifukuzwa. Aliambiwa kwamba wale wasichana wakubwa asingeweza kuwazuia, lakini huyu alikuwa mtoto wake, na huyu angemweza.