Pawabenki ya kujitengenezea: yanayosemwa Mwanjelwa na yalivyo

Ukikaa nusu saa kwa fundi simu pale Mwanjelwa, Mbeya, hukosi kumwona kijana kashika betri ya laptopu iliyokufa, anataka kuzitoa seli, vile vibetri vidogo vya ndani, atengeneze pawabenki. Wazo zuri. Maneno anayopewa na waliomzunguka ndiyo yana walakini.

Kubwa kuliko yote, na hapa ndipo wengi tunapopigwa, ni kwamba seli iliyoandikwa 9900 mAh (kipimo cha umeme inaoweza kubeba) ina nguvu kuliko ya 2600. Seli hizi za duara huitwa 18650 kwa vipimo vyake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Kwa umbo hilo, seli nzuri za kawaida huishia kwenye 3500 hivi. 9900 ni wino tu. Nilishanunua mbili nyekundu zenye namba hiyo, nikamwomba muuza iliki anipimie kwenye mizani yake. Moja ikasoma gramu 31, wakati seli halali hukaribia 45. Akacheka yeye kabla yangu.

“Seli iliyokufa ukiishtua inaamka.” Kuamka inaamka, na hiyo ndiyo hatari. Ikikaa muda mrefu chini ya volti 2, shaba ya ndani huanza kuyeyuka. Ukiichaji tena, shaba hiyo hujijenga pasipotakiwa na inaweza kuunganisha pande mbili, chanya na hasi, kwa ndani. Juzi nimefungua betri ya seli sita: nne zilisoma volti 3.6, moja 3.4, ya mwisho 0.9. Hiyo ya mwisho sikuibembeleza, nikaifunika ncha kwa selotepu nikaiweka kando. Zilizobaki nilijaza kila moja peke yake hadi volti 4.2, ndiyo kujaa kwake, ndipo nikaziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, maana iliyojaa ikikutana na iliyopungua humwaga umeme bila breki.

Eti pawabenki ya 10,000 hujaza simu ya 5,000 mara mbili? Umeme wa seli, volti 3.7, hupandishwa hadi 5 ili utoke kwenye USB, kisha simu huushusha tena. Kila hatua joto hula chake. Tegemea mara moja na kipande.

Baridi ya Juni nayo husingiziwa kuua betri. Huipunguzia nguvu kwa muda tu; itie mfukoni mwa koti, itarudi. Kinachoiharibu ni kuichaji ikiwa chini ya nyuzi 0, kwa hiyo asubuhi za Makete majani yakiwa na barafu, subiri ipate joto kwanza.

Paneli ya sola moja kwa moja kwenye seli, hapana. Paneli haijui kusimama kwenye 4.2, weka kadi ya kuchajia yenye ulinzi.

Kulehemu waya juu ya seli nako wanasema ndiyo ufundi. Joto la pasi ya kulehemu huumiza ndani. Mimi natumia vishikio vya plastiki vyenye springi. Fundi jirani huviita vya watoto wa shule, lakini seli yangu ikianza kupata moto naitoa kwa kidole, yake mpaka atafute koleo.