Kujaribu programu kila mahali, kila mara, si lazima

Vijana watengenezao programu hapa Kigoma huamini kila badiliko la msimbo (maagizo yanayoiendesha programu) lijaribiwe kwenye kila aina ya simu, ndipo liwe salama. Si kweli. Chukua programu ya kurekodi dagaa mwaloni Kibirizi: matoleo 3 ya Android, hali 4 za mtandao (kukosekana kabisa ni mojawapo, na ziwani ndiyo muhimu kuliko zote), saizi 5 za skrini. Ni michanganyiko 60. Kila mmoja ukichukua dakika 10, kompyuta moja itahangaika saa 10, na majibu yakichelewa hivyo watu huacha kuyasoma.

Hitilafu nyingi husababishwa na kigezo kimoja (toleo la Android, hali ya mtandao au saizi ya skrini), au viwili vikikutana. Majaribio 20 yaliyopangwa vizuri hugusa kila jozi, mfano kila hali ya mtandao na kila saizi ya skrini; hayo yatoshe kwa kila badiliko. Yote 60 yaendeshwe usiku, wakati hakuna anayesubiri majibu.