Dawa iliyomponya panya, je, itamfaa mkwezi wa michikichi?

Shemeji alidondoka kwenye mchikichi hapa Mwandiga, akazimia. Jirani anasema ipo dawa iliyoponya ubongo wa panya huko Marekani, tumwagizie. Ni kweli?

Kwa panya inawezekana kabisa. Kwa shemeji bado, na hiyo hela msiitume.

Hao panya huumizwaje?

Hulazwa kwanza kwa dawa ya usingizi. Fuvu hutobolewa, kisha kifimbo cha mashine huugonga ubongo kwa kasi na kina kilichopimwa, ili kila panya apate pigo lilelile. Baadaye huogeleshwa kwenye beseni kubwa wakitafuta kijukwaa kilichofichwa chini ya maji. Anayesahau kilipo, kumbukumbu yake imeguswa. (Msiwachanganye na panya buku wa Morogoro wanaonusa kifua kikuu. Hao hawagongwi.)

Mbona panya apone, mtu asipone?

Chukua mfano wa projesteroni, homoni ya uzazi ya kike. Kwa panya ilipunguza uvimbe wa ubongo, wataalamu wakajaa matumaini. Mwaka 2014 yakatoka majibu ya majaribio mawili makubwa kwa binadamu, moja la wagonjwa 882 na jingine 1,195. Waliopewa dawa hawakupata nafuu kuliko wasiopewa.

Ubongo wa panya una gramu 2 hivi na ni laini, hauna mikunjo. Wa mtu mzima unazidi kilo 1. Ndiyo maana wengine hujaribu kwa nguruwe, ambao ubongo wao una mikunjo kama wetu. Ila mimi naona tatizo kubwa ni saa. Panya wa maabara wana umri mmoja, afya njema, na mara nyingi dawa huingia mapema sana baada ya pigo. Mkwezi amevunjika na mbavu, amevuja damu, na mpaka bodaboda ipatikane na hospitali ya Maweni ifikiwe, saa kadhaa zimeshapita.

Kuna dawa iliyofanya vibaya zaidi. Steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, zilitumika miaka mingi kwa majeruhi wa kichwa, mpaka jaribio la mwaka 2004 la wagonjwa zaidi ya 10,000 likaonyesha kwamba waliopewa walikufa wengi kuliko wenzao.

Hakuna hata moja iliyosaidia?

Ipo asidi ya traneksamiki, inayozuia damu kuendelea kuvuja. Jaribio la mwaka 2019 lilionyesha kwamba ikitolewa ndani ya saa 3 hupunguza vifo kwa walioumia kichwa kidogo au kwa kiasi; kwa walioumia vibaya sana haikuonyesha faida. Huamuliwa na daktari, hainunuliwi sokoni.

Akianguka mwingine tufanyeje?

Msimwinue kwa kumvuta mikono. Mmoja ashike kichwa na shingo visiyumbe, wengine wambebe kwenye ubao. Akitapika, mgeuzeni ubavu mwili mzima kwa pamoja. Akisinzia msimpe chai wala uji. Hata aliyezinduka apelekwe hospitali, na haraka zaidi akitapika tena na tena, akishikwa na degedege, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au maji na damu vikitoka sikioni. Mwambieni daktari saa aliyoanguka.