Uhindini na Madukani: mtaa wa maduka wa Dodoma haukuletwa na Mtumba

Mgeni akishuka Dodoma na kuona magorofa ya Mtumba, kwenye ofisi mpya za serikali, husema mji huu umeanzishwa na serikali. Aende Uhindini, aangalie maduka yenye baraza pana mbele na ghala nyuma. Kilichoyaleta ni Reli ya Kati ya Wajerumani, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu walifungua maduka pale ambapo treni ilisimama. Azimio la kuhamishia makao makuu hapa lilikuja 1973, maduka yakiwa yameshazeeka.

Dhana inayoniudhi zaidi ni hii: eti mtaa ulidorora kwa sababu Wahindi "waliondoka tu". Jamani! Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikawa chini ya Msajili wa Majumba. Muuza duka akaamka mpangaji ndani ya nyumba aliyoijenga baba yake. Biashara ya jumla nayo ilishahamia mashirika ya umma. Ikaja Operesheni Maduka ya 1976, duka la mtu binafsi lipishe la ushirika, halafu msako wa wahujumu uchumi wa 1983. Bidhaa zikaingia uvunguni, foleni ya sukari ikabaki. Ni hadi 1984, waliporuhusiwa watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, ndipo rafu zilipoanza kujaa tena.

Kwa hiyo rangi iliyobanduka ukutani si lazima iwe uvivu wa mwenye duka. Mpangaji gani hupiga rangi nyumba ya mwenzie?

Wapo pia wanaosema mtaa utafufuka magari yakipata maegesho ya kutosha. Mpango mkuu wa mji wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, uliweka mbele watembea kwa miguu na mabasi. Mimi nauunga mkono mpango huo. Mtu aliye ndani ya gari haoni khanga iliyotundikwa mlangoni, wala hasimami kujaribu kiatu.

Na wamachinga? Husemwa wanaua maduka. Wengi wao huchukua mzigo kwenye maduka ya jumla yale yale, wakauza rejareja hatua chache mbele. Ukimwondoa machinga, mwulize na mwenye stoo mauzo yake ya wiki.

Sasa tangu 2024 treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, inashusha watu kwenye stesheni mpya, si ile ya zamani iliyouzaa mtaa. Bodaboda ndiyo itakayoamua kama wanafika Madukani.