Rezidensi ya Marekani haiuzwi Ngamiani, Tanga

“Dokta, Marekani bila koneksheni hupati rezidensi,” yaani mafunzo ya ubingwa ya hospitalini. Kila kundi jipya la madaktari watarajali likiripoti Hospitali ya Bombo, Tanga, nalisikia hili, na nimechoka nalo kwa sababu kuna watu wanakula kupitia dhana hiyo. Juzi kijana mmoja alinionyesha kwenye simu ujumbe wa muamala: milioni mbili kwa wakala, ya “kushikiwa nafasi”.

Nafasi haishikwi. Septemba unatuma maombi, mara nyingi kupitia ERAS, mfumo wa maombi wa mtandaoni. Programu zilizovutiwa nawe zinakuita kwenye usaili, siku hizi mara nyingi kwa video. Kisha unapanga programu kuanzia unayoitaka zaidi, nazo zinapanga waombaji vivyo hivyo. Orodha zote zinakwenda NRMP, taasisi inayooanisha waombaji na programu, kompyuta inaoanisha, majibu Machi. Kanuni ya kuoanisha ilisukwa upya miaka ya 1990 na Alvin Roth na Elliott Peranson ili impe kipaumbele mwombaji. Roth alipata Nobeli ya uchumi 2012. Wakala anapenyea wapi hapo?

Ndiyo maana nasisitiza: panga kwa mapenzi yako, si kwa kukisia nani atakuchukua. Ukiikosa ya kwanza, hupunguziwi chochote kwenye ya pili. Nalisema hili kila mwaka na bado watu wanapanga kwa woga.

Kinachobeba uzito kwenye maombi ni barua ya mapendekezo ya daktari wa kule aliyekuona kazini: ulivyomhoji mgonjwa, ulivyojenga hoja ya utambuzi. Barua ya kusema wewe ni mchapakazi na mwadilifu haina kazi. Ile milioni mbili ingelipia sehemu ya ada ya Step 2 CK, mmoja wa mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani.

Dhana nyingine ninazosikia ni hizi. “Nikifaulu Step, nimepata.” Kufaulu ni sharti la kupata cheti cha ECFMG, kinachothibitisha sifa za madaktari waliosoma nje ya Marekani; bila hicho huanzi, lakini chenyewe si ajira. Mwaka 2024, kati ya waombaji waliosoma nje na wasio raia wa Marekani, waliopangiwa nafasi za mwaka wa kwanza walikuwa asilimia 58.5.

“Nifanye upesi, alama zikiwa ndogo nitarudia.” Mtihani uliofaulu haurudiwi. Na tangu Januari 2022 Step 1, mtihani wa kwanza, ni kufaulu au kufeli tu, kwa hiyo alama za Step 2 CK ndizo zinazotazamwa. Subiri mpaka uive.

“Natafuta ufadhili wa ada.” Hapa MMed, shahada ya uzamili ya ubingwa, unalipia, kule rezidenti ni mwajiriwa, analipwa mshahara. Anayekuuzia “ufadhili wa rezidensi” mkimbie.

“Nifanye kazi miaka kumi kwanza, uzoefu utanibeba.” Programu nyingi huchuja kwa mwaka wa kuhitimu. Kama unataka, anza sasa.

“Nikimaliza nabaki.” Viza ya J-1 inahitaji barua ya Wizara ya Afya ya nchi yako, na ukimaliza unatakiwa kurudi nyumbani miaka miwili, isipokuwa upate msamaha, kwa mfano kwa kukubali kufanya kazi eneo lenye uhaba wa madaktari. Barua hiyo ya Wizara iulizie Dodoma mapema, usingoje mpaka majibu ya Machi yatoke.