Saa nane usiku, jengo linakula umeme kiasi gani?

Sisi watu wa nishati tukiitwa kwenye jengo la serikali, tunaulizwa kwanza habari ya sola: paneli ngapi zitatosha paani? Mimi huuliza langu: saa nane usiku, ofisi zote zimefungwa, jengo hili linavuta kilowati ngapi?

Ankara ya mwezi hailijibu swali hilo. Inatoa jumla ya uniti, na kwa wateja wakubwa inaonyesha pia kilele cha mahitaji, yaani mzigo mkubwa kabisa uliovutwa kwa mara moja, kwa kipimo cha kVA, ambacho TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, hukitoza peke yake. Kama uniti zimeliwa na viyoyozi, seva au pampu iliyosahaulika, haisemi. Ndiyo maana taasisi yenye jengo inahitaji makubaliano ya utafiti na chuo kikuu. Chuo kina vifaa vya kurekodi mzigo kila robo saa, na wanafunzi wenye subira ya kukaa na takwimu. Taasisi ina jengo na ankara za nyuma. Fundi wa jengo ana funguo za chumba cha umeme, na ndiye anayejua kiyoyozi kipi hakizimwi kamwe. Makubaliano mengi huwataja chuo na taasisi tu. Ripoti inatoka nzuri, jengo linabaki vilevile.

Kwa majengo ya Dodoma, makao makuu ya serikali ya Tanzania, kuna jambo tamu zaidi la kupima. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, nyanda kavu. Mchana jua kali, usiku baridi, na Juni na Julai asubuhi watu wanavaa majaketi. Hewa hiyo ya usiku ni ubaridi wa bure. Ukiipitisha kwenye jengo lenye kuta nzito, kuta zitaamka zimepoa na kiyoyozi kitachelewa kuhitajika. Tatizo ni vumbi, na mlinzi wa zamu hataki kusikia habari ya madirisha wazi, naye ana haki. Basi zichukuliwe ofisi mbili zinazofanana, moja iwekwe nondo na wavu wa vumbi madirishani ili yaachwe wazi usiku, nyingine iachwe ilivyo, kila moja na kipimajoto chake. Utafiti wa namna hiyo hauhitaji mfadhili mkubwa.

Upande wa magharibi wenye vioo ni kesi nyingine. Kufikia saa tisa alasiri mtumishi kavuta pazia kukimbia jua, kisha kawasha taa kwa sababu ya pazia, na rimoti ya kiyoyozi iko nyuzi 16. Kiyoyozi cha kawaida hakipoozi haraka zaidi kwa kuwekwa 16 badala ya 24. Kinachelewa tu kupumzika. Lakini usimlaumu mtumishi kabla ya kuweka kivuli nje ya kioo, maana joto likishapita kioo limeshaingia, pazia litasaidia kidogo tu.

Nikiombwa maoni kuhusu makubaliano mapya, huwa nasisitiza vifungu viwili: fundi wa jengo apewe nafasi kwenye timu, na vifaa vya kupimia vising'olewe mwanafunzi akihitimu.